Gari la Shabani

Msonyo wa Bibi Salima nausikia mpaka leo. Haukuwa ule msonyo mfupi wa mtu aliyekanyagwa mguu sokoni. Ulikuwa mrefu, ukianzia meno ya nyuma na kupita polepole kama zipu ya sanduku lililojaa kupita kiasi, halafu unakatika ghafla. Kila asubuhi akitoka kutawadha, maji bado yakimdondoka kwenye viwiko, alisimama koridoni mbele ya picha ya kaka yake, akaisonya, kisha akaenda kuswali. Mimi nilikuwa nalala nyuma ya pazia, kwenye kijichumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya makoti, na msonyo huo ndio uliokuwa saa yangu. Bibi amesonya, basi Zuhura amka, wahi metro ya kwenda Schuman, ofisi za watu hazijisafishi. Juma lililopita tumemzika Bibi Salima. Wanawake walipokuwa wakigawana nguo zake, mkwewe alinishika mkono akanipa ile picha. "Chukua wewe, Zuhura. Wewe ndiye unayejua habari zake." Ni kweli nazijua, na nilizipata katika mwaka mmoja tu, mwaka 2006, nilipokaa kwa Bibi pale Etterbeek, huku Ulaya, nikiwa na miaka ishirini na mbili, shule yangu imeishia njiani na kichwa kimejaa ndoto za kutosha mtaa mzima.

Picha yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Kijana mwembamba amevaa koti refu, mkono mmoja ameshika kofia, mwingine ameulaza juu ya boneti ya gari jeusi, kubwa, lenye pua ndefu na taa mbili kama macho ya bundi. Anacheka, na jino lake moja la mbele limepanda juu ya mwenzake. Nyuma yake kuna jengo lenye saa ukutani. Sehemu ya chini, kuanzia magoti ya kijana kushuka, ilifunikwa na ukanda wa kitambaa cheusi ulioshonwa vizuri kwenye kadibodi, na kuzunguka vyote hivyo kulikuwa na fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu. Sote tulidhani ule ukanda ni urembo wa mafundi picha wa zamani. Mimi nilikuwa naipenda. Nikirudi kutoka kazini nilisimama hapo nikamwambia kijana, "Shikamoo, tajiri," nikaenda jikoni kutafuta kilichobaki.

Jikoni kwa Bibi ndiko maisha yote yalikofanyika. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye machungwa yaliyofutika, kanga zilianikwa juu ya kipasha joto, na dirisha lilitazama ua ambao jua liliupitia kama mgeni mwenye haraka. Hapo tulichambua maharage, tulikaanga ndizi, tulikunywa chai ya tangawizi mpaka pua zikatoka jasho. Na hapo ndipo Bibi aliponisimulia, huku vidole vyake vikitupa mawe ya maharage pembeni. Shabani alikuwa mpishi wa familia moja ya Wazungu kule Usumbura, kabla haijaitwa Bujumbura. Wenyewe waliporudi kwao Ulaya, miaka ya hamsini, wakamchukua. Muda ukapita kimya, kisha msafiri mmoja akaleta ile picha, bila neno lolote. Haukupita mwaka ikaja habari kwamba Shabani amekufa kwa kifua, baridi imemla. Mama yao akaitundika picha sebuleni kwao, mtaa wa Buyenzi, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Walimwita Mama Mwenye Gari," Bibi aliniambia. "Akienda bombani na ndoo kichwani, wanamwuliza, 'Aah, Mama Mwenye Gari, leo kwa miguu? Gari liko gereji?' Akiomba sukari, 'Mwenye Gari hakuleta sukari?' Mtu ana gari Ulaya, mama yake anashona kofia usiku na mchana mpaka macho yanaoza! Mimi nilitolewa shule. Nilikuwa na gauni moja, nafua nikiwa nimejifunga kanga, nasubiri likauke. Na yeye yuko pale ukutani, anacheka."

"Na mama yako alikuwa anajibu nini?"

"Hakuna. Anasema, 'Mungu amrehemu mwanangu,' anaendelea na njia yake."

Mama alipokufa alimwachia Salima picha, na Salima, alipokimbia vita na watoto wake, aliibeba ndani ya nguo. Hata yeye hakujua kwa nini. Lakini kumwombea Shabani alikataa. Kila Alhamisi jioni alikaa kitandani akawataja marehemu wake mmoja mmoja, mama, baba, mume, majirani wa Buyenzi, hata mbuzi angemtaja angekuwa na jina. Akifika kwa Shabani anaruka. Kaka alizikwa katika mji huuhuu, na dada hakuwahi kuuliza kaburi liko wapi. Siku moja nilipothubutu kumwambia, "Bibi, ni kaka yako," aliacha maharage akanitazama kwa macho yaliyochoka. "Unadhani sijui? Nazeeka, Zuhura. Nitakutana naye, na nitaulizwa. Lakini moyo wangu kwake umefungwa, na ufunguo sijui nani anao."

Tulikuwa na jirani wa ghorofa ya juu, Maman Béa, Mkongomani wa Bukavu, aliyesuka nywele kwenye saluni moja Porte de Namur. Alishuka kila siku kuomba chumvi na kuacha habari. Yeye alimwogopa Bibi kidogo tu, si sana.

"Ah non, Maman Salima! Unamusonyaga mufu kila asubui? Iko mubaya, hein!"

"Ni mfu mwenye gari."

"Bon, basi usonye gari, mufu umuache."

Na ni Maman Béa huyohuyo aliyenipiga picha yangu mimi. Jumapili moja tulikwenda Schuman, kule nilikosafisha ofisi, nikiwa sina ndoo wala aproni, nimevaa koti jekundu la kuazima. Gari jeusi la ubalozi lilikuwa limeegeshwa, linang'aa mpaka unaweza kujichania nywele. "Weka mukono juu ya capot!" alisema Maman Béa akinionyesha boneti. "Alors, cheka! Cheka kama gari iko yako!" Nilicheka. Nilikuwa na kipaji hicho. Mlinzi akatoka mbio, "Mademoiselle! Mademoiselle!" na mkono wake uliingia kwenye picha pembeni, umenyooka. Tulikimbia mpaka pumzi zikaisha. "Usiogope," alisema Maman Béa akishika mbavu, "utawaambia ile mukono ni ya chauffeur, dereva yako." Tuliisafisha picha, nikampa msafiri aipeleke kwa mama yangu Bujumbura. Kila mtu tuliyemjua alifanya hivyo, ndiyo ilikuwa desturi: unatafuta gari zuri la mtu, unasimama kama limekuzaa, unatuma nyumbani, watu wanafurahi. Nilipomwonyesha Bibi nakala, aliitazama, akageuka akatazama koridoni, akasema tu, "Na wewe pia." Nilidhani ananisifu.

Mambo yalianza kwa maji. Bomba la bafu letu lilivuja, dari ya chini ikalowa, na mwenye dari akapanda. Alikuwa Bwana Luc, mwalimu mstaafu, mwenye masharubu meupe na adabu ya kuomba radhi hata pale anapodai haki yake. Alikuwa mmoja wa watu wachache wa mtaa waliokusanya picha za zamani za Etterbeek ili kuzionyesha maktaba. Alipita koridoni kwenda bafuni, akarudi kinyumenyume, akavaa miwani. "Madame Salima," alisema, "hii ni kona yetu."

"Kona gani?" Bibi aliuliza. Kifaransa chake kilikuwa cha kutosha sokoni na hospitali.

"Hapo chini. Hili jengo lenye saa, lilikuwa la mwoka mikate. Saa imetolewa, lakini mahali pake pameacha duara ukutani. Njoo uone."

Bibi alishuka na kandambili zake, kanga begani, mimi nyuma yake. Kwenye kona, juu ya duka la simu, duara lilikuwapo kweli, jeupe, kama alama ya sufuria mezani. Bibi alitazama juu, akatazama chini barabarani. "Alisimama hapa?" Bwana Luc akaitika. "Miaka yote nanunua vitunguu hapa," alisema Bibi kwa Kiswahili, hakumwambia yeyote, "na yeye alisimama hapa." Hakusonya. Lakini kesho yake asubuhi alisonya mara mbili, nikaamka nimechanganyikiwa.

Bwana Luc alitaka picha ile kwa maonyesho, ila alihitaji kujua ni ya mwaka gani, na alisema kwenye picha za barabarani magari ndiyo yanayotaja mwaka. Akamleta rafiki yake, Mzee Gaston, ambaye alinyoosha mabodi ya magari maisha yake yote na sasa alikuwa mnene, mpole, na mwenye njaa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Bibi alikaanga sambusa, Maman Béa akashuka kuomba chumvi na akabaki, na Mzee Gaston akala kwanza, akapangusa vidole kimoja kimoja, ndipo akatoa kioo chake cha kukuzia. Alilitazama gari kama daktari anayetazama ulimi. Akatuonyesha mlango, bawaba zake ziko nyuma, kwa hiyo ulifungukia mbele. Akatuonyesha mahali pa kuwekea gurudumu la akiba ubavuni, na kizibo cha rejeta ambapo palistahili kuwa na kisanamu cha kichwa cha mwanamke, na hapakuwa nacho. "Nalijua hili," alisema. "Lilitengenezwa Antwerp, kiwanda kilikufa zamani. Lilikuwa gari la matajiri hasa, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia."

"Umesikia?" Bibi aliniambia. "La matajiri hasa."

Lakini Bwana Luc alikuwa amesimama kuandika, akaacha kalamu. Alisema kwa upole mwingi, kama mtu anayebeba yai, kwamba ikiwa gari ni la kabla ya vita basi picha nayo ni ya kabla ya vita. Na ikiwa hivyo, Madame asamehe, lakini je, inawezekana kwamba huyu si kaka yake? Pengine msafiri aliwapa picha ya mtu mwingine?

"Kabla ya vita vyao," Bibi alisema, "Shabani alikuwa bado anatambaa." Maman Béa alicheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na Bibi na niliona alivyokibana kikombe kwa mikono miwili. Sikuelewa. Nilidhani mtu aliyemsonya mwenzake maisha yote angefurahi kuambiwa si yeye. Bibi akaweka kikombe chini, akavuta mdomo kwa kidole, akawaonyesha wale wazee wawili meno yake. Jino moja la mbele lilikuwa limepanda juu ya mwenzake. "Mwambie aangalie," aliniambia. "Mwambie hili ni la kwetu." Mzee Gaston, sijui kwa heshima au kwa mazoea, akasogeza kioo chake kwenye jino la Bibi, akakirudisha kwenye picha, akakipeleka tena kwa Bibi. "Luc," alisema, "jino ni lilelile. Siyo modeli mbili hizi."

Tulicheka mpaka Bwana Luc akafuta miwani. Ila swali lilikuwa limebaki mezani pamoja na sambusa. Mzee Gaston akasema huenda gari ni la zamani kuliko picha, na njia ya kujua ni kutazama magurudumu, kwa sababu tairi hubadilishwa na tairi husema mwaka wake. Magurudumu yalikuwa chini ya kile kitambaa cheusi. Bwana Luc akaenda kuchukua taa yake kali. Bibi akanituma mkasi mdogo wa kucha. Akaitoa picha kwenye fremu mwenyewe, hakutaka mtu aisaidie, akaanza kukata uzi. Mshono wa kwanza, wa pili. Kisha akasimama. Akaugeuza ukanda kwenye mwanga, akaupitisha kidole.

"Bibi?"

"Sindano inaingia, inarudi nusu, inaingia tena," alisema. "Huu ni mshono wa pindo la kofia. Nilidhani ni fundi wa picha. Huu ni mkono wa mama."

Alimaliza kukata taratibu sana, kitambaa kikaanguka juu ya machungwa ya plastiki, na sote tukainama. Tairi hazikuwapo. Gari lile la matajiri lilikuwa limekaa juu ya matofali yaliyopangwa, bila gurudumu hata moja la mbele, majani yameota kati ya mawe ya barabara chini ya tumbo lake, na kwa taa ya Bwana Luc ilionekana sasa kwamba taa moja kati ya yale macho ya bundi haikuwa na kioo. Na chini ya lile koti zuri, viatu vya Shabani vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya katani.

"Hili limekufa zamani," Mzee Gaston alisema polepole. "Watu wamelitoa vyote. Picha inaweza kuwa ya miaka ya hamsini bila shida. Lilikuwa chuma chakavu, linangoja kubebwa."

Nilimtafsiria Bibi, ingawa alikuwa ameelewa. Hakulia mara moja. Alishika ule ukanda kwa mikono miwili, akauweka mahali pake juu ya picha, gari likawa gari, akauondoa, likawa chuma, akauweka tena. "Mama alijua," alisema. "Aliyaona matofali. Aliviona viatu. Angefunua hapa kidogo tu, bombani wote wangenyamaza."

Ni Maman Béa aliyemalizia, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. "Donc mama alikubali bamucheke yeye, ili basimucheke mutoto wake."

"Na mimi hakuniambia," Bibi alisema. "Mimi mwanawe, hata mimi hakuniambia. Alijua nina mdomo." Ndipo akalia, huku akicheka ndani ya kilio, na Mzee Gaston, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, alitoa leso yake yenye madoa ya mafuta ya magari akampa.

Kesho yake nililala nikingoja msonyo. Nilisikia maji, nikasikia kandambili, zikasimama. Halafu sauti ya Bibi, ya chini, kama ya mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hajaifikia kwa muda mrefu: "Asalaam aleikum, Shabani." Akaenda kuswali. Nilichelewa kazini siku hiyo, maana saa yangu ilikuwa imeharibika kwa heri.

Ijumaa iliyofuata tulimsomea Shabani hitima. Nilipika pilau kwenye sufuria la kuazima msikitini, viungo vikashuka ngazi mpaka barabarani, na majirani wa zamani wa Buyenzi waliotawanyika mji huu mzima walijaa koridoni wamekaa chini. Bwana Luc na Mzee Gaston walivua viatu mlangoni wakakaa nao, soksi ya Mzee Gaston ikiwa na tundu. Wiki chache baadaye Bwana Luc alilipata kaburi, tukaenda na Bibi kwa tramu, akakaa juu ya kijistuli nilichombebea na kuongea na kaka yake muda mrefu sana. Nilisimama mbali. Nilisikia tu neno moja, "sukari," na kicheko.

Kwa maonyesho Bibi alikubali picha nzima itumike, na matofali, na kamba ya viatu. "Hapa waone vyote," alisema. "Hapa nani atamcheka? Na akicheka, simjui." Chini yake Bwana Luc aliandika jina la Shabani, mpishi, kutoka Usumbura, kabla hata ya jina la gari. Lakini kwa simu, alipoongea na watu wa nyumbani, Bibi hakusema neno juu ya matofali. Nilimwuliza kwa nini hamsafishi kaka yake na ule uchoyo waliomsingizia. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Waliosema wamekufa wote, Zuhura. Walio hai sasa wanaona fahari. Na mama alichagua. Mimi ni nani nimfumulie mama mshono wake?" Ukanda aliuweka kwenye kopo lake la sindano, na picha ikarudi ukutani bila ukanda, kwa ajili yake peke yake.

Mwaka huohuo mama yangu alipiga simu kushukuru picha yangu na lile gari la ubalozi. Alisema nimenenepa, nimependeza, majirani wote wamekuja kuona. "Ila nimeikunja kidogo pembeni," aliongeza, "kulikuwa na mkono wa mtu." Kisha akauliza kama huku kuna baridi. Nilijibu kwamba kuna baridi kidogo. Tangu siku hiyo sikupiga tena picha na gari la mtu.

Sasa Bibi hayupo na kopo la sindano limekuja kwangu pamoja na picha. Jana Asha, mjukuu wa dada yao aliyebaki Buyenzi, alinipigia. Wamefungua duka la vyakula pale pale nyumbani kwa zamani, na wameliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: Kwa Mwenye Gari. Wana picha moja tu ya kumbukumbu, nakala iliyofifia, iliyotolewa zamani picha ikiwa bado na ukanda wake. "Shangazi Zuhura, tutumie ile yenyewe," alisema. "Tuiweke juu ya kaunta, watu wamwone babu na gari lake." Kuna mtu anasafiri Jumanne. Nilimwambia nitatuma.

Leo nimerudi mapema kutoka kazini, nimefunga mlango, nimesafisha meza. Nimeitoa picha kwenye fremu nikawatazama wote wawili kwa mara ya mwisho, kijana na gari lake la matofali, nikamwambia, "Shikamoo, tajiri." Halafu nimetunga uzi mweusi. Ukanda umechakaa kidogo lakini unatosha. Kwenye kadibodi matundu ya mama yao bado yapo, madogo, yamepangana, sikuhitaji kutoboa mapya. Nimeingiza sindano, nimerudi nusu, nimeingiza tena.